Nesi na Hela, Sehemu ya 7: Hesabu Niliyomsahau Mama

 Wale mnaoingia usiku leo, poleni na kazi.

Najua nimewakalisha wiki mbili bila kuandika. Ukweli ni kwamba sehemu hii nimeiandika na kuifuta mara tatu. Kwenye sehemu sita zilizopita nilikuwa nawaambia nilivyoweza. Leo nawaambia nilipokosea. Wengi mmeniandikia inbox kwamba mmeanza kubana matumizi kama mimi, na sitaki mtu anifuate mpaka kwenye shimo nililotumbukia.

Kwa wewe mgeni, kwa kifupi. Mimi ni nesi, nafanya kazi huku Kimbiji, mwisho kabisa wa Dar, enzi zile tukiitwa watu wa Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya. Niliajiriwa 2012 nikiwa na miaka 25. Nina binti mmoja. Mwaka 2019, baada ya kumsindikiza dada yetu mmoja wa kazini kustaafu na kuona mafao yake yalivyoisha kabla mwaka haujageuka, nikajiwekea lengo: nikifika miaka 45, yaani 2032, niwe na uwezo wa kuacha ajira bila kumpigia mtu magoti.

Msiniulize tena kwa nini sisubiri tu kiinua mgongo. Nilieleza, narudia kidogo. Sisi watumishi wa umma tunachangia PSSSF asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaweka 15. Pensheni ya kila mwezi inataka uwe umechangia miezi 180, na umri wako uwe 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Mnakumbuka vurugu ya kikokotoo ya 2018, mkupuo uliposhushwa mpaka asilimia 25 na Rais Magufuli akasitisha Desemba ile ile. Julai 2022 ikaja 33. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha mpaka 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50.

Chukua mtumishi aliyefanya kazi miaka 30, mshahara wake wa kukokotolea milioni moja kwa mwezi. Unachukua miezi 360, unagawa kwa 580, unazidisha kwa mshahara wa mwaka. Hapo unapata pensheni ya mwaka mzima, kama milioni 7.4. Asilimia 40 ya hiyo ukizidisha kwa 12.5 ndiyo mkupuo, takribani milioni 37. Asilimia 60 inayobaki unalipwa kidogokidogo, takribani 372,000 kwa mwezi. Sio hela ya kudharau. Lakini inakuja mgongo umeshakwisha, na ni nani kati yetu amewahi kushika milioni 37 siku moja akajua azifanye nini?

Ndiyo nikaanza kusoma. Wenzetu Marekani wana harakati yao wanaiita FIRE, maana yake uhuru wa kifedha na kustaafu mapema. Kitabu kilichowaamsha wengi ni cha Vicki Robin na Joe Dominguez cha mwaka 1992, ambacho kinakwambia kila shilingi unayotumia ni saa za maisha yako ulizouza. Halafu 1994 mshauri wa fedha anaitwa William Bengen akapiga hesabu zake kwa soko la kwao, akasema ukichota asilimia 4 ya akiba yako mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka ukaongeza kufuata bei za vitu, hela itakufikisha miaka 30. Wengine wakaigeuza: tafuta mara 25 ya matumizi yako ya mwaka.

Mimi matumizi yangu yalikuwa 400,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 4.8. Mara 25 ni milioni 120. Nilicheka peke yangu saa tisa usiku wodini, mama mmoja aliyejifungua akaniuliza nesi vipi.

Lakini huku kwetu kuna hatifungani za Serikali. Unaanza na milioni moja, riba inaingia mara mbili kwa mwaka, na haikatwi kodi. Kwa riba ya asilimia 12, milioni 40 tu zinaleta zile milioni 4.8. Hapo ndipo wengi wanaposhangilia na kuacha kusoma. Usiache. Ile riba haipandi. Utakachopata mwaka wa kwanza ndicho utakachopata mwaka wa ishirini, na sukari haitakusubiri. Miaka hii bei zinapanda taratibu, kati ya asilimia 3 na 5 kwa mwaka, lakini mwisho wa 2011 zilifika karibu 20, sisi tuliokuwa chuoni tunakumbuka wali maharage ulivyopungua kwenye sahani. Na hata riba za karatasi mpya zinabadilika: 2022 ile ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 mpaka 12.56.

Kwa hiyo nikaweka lengo langu katikati: milioni 58. Kwa asilimia 12 zinaleta kama milioni 7 kwa mwaka. Nakula 4.8, zinazobaki nazirudisha kununua nyingine ili mtaji ukue kadiri bei zinavyokua. Mkononi nilikuwa napata 570,000. Natumia 400,000, naweka 170,000. Kwa mwendo ule, pamoja na riba juu ya riba, 2032 ningekuwa nimefika au nimekaribia sana.

Jinsi nilivyobana mnaijua, ndiyo sehemu ya pili mpaka ya tano. Nyumba yangu ni vyumba viwili kwenye kiwanja nilichonunua kabla bei hazijachachamaa, kodi hamna. Kazini naenda kwa miguu. Samaki nanunua asubuhi boti zikirudi, vibua na dagaa kutoka kwa mvuvi mwenyewe, sio gengeni. Nazi naangusha uani. Maji ya mvua nakinga kwenye simtanki. Mjini naenda mara moja kwa mwezi, na nikienda ni daladala na pantoni ya 200. Mikopo sigusi. Wenzangu kadhaa wamekopa mpaka inabaki ile theluthi moja ya mshahara ambayo sheria inakataza kuguswa, halafu wakikwama katikati ya mwezi wanakimbilia kausha damu. Nilikuwa nawaangalia nasema moyoni, hawa hawajitambui.

Kazini wakanibatiza jina, Bi Bajeti. Nikalipenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mama yangu anaishi ndani ndani huko Mkuranga. Ana presha tangu 2015. Yuko kwenye kadi yangu ya bima kama mtegemezi, asilimia 3 nakatwa mimi, asilimia 3 anaweka mwajiri, dawa zake hazilipiwi. Mimi kama nesi upande huo nilijiona nimemaliza.

Kabla sijaanza safari hii nilikuwa namtumia 50,000 kila mwezi. Januari 2021, nikiwa napitia daftari langu kutafuta pa kukata, nikaiona ile 50,000. Nikajiambia mama analima, ana mihogo, ana mikorosho, kuku wapo, hakosi chakula. Nikampigia simu. Nakumbuka maneno yangu vizuri, nimeyarudia kichwani mara nyingi sana: "Mama, kuna kitu nakijenga, mwaka huu nabana kidogo. Ila ukiwa na shida wewe sema."

Akanijibu, "Sawa mwanangu. Mungu akufanikishe."

Na hakusema. Mwaka ukapita, hajasema. Wa pili, hajasema. Nikipiga simu ni "tumeamka salama, mjukuu wangu hajambo?" Nikajua mambo yako sawa. Na kwenye daftari, kila mwezi 50,000 ilikuwa inaonekana kwenye safu ya akiba, inapendeza.

Agosti 2023 nilikuwa zamu ya asubuhi, jirani yake akapiga. Mama ameamka mdomo umepinda, mkono wa kushoto hauna nguvu, maneno hayaeleweki. Wewe uliyesomea unajua nilichojua sekunde ile. Nikamwambia jirani msimpe chakula, msimpe maji, msimkande, tafuteni gari saa hii hii mpeleke hospitali, mimi nakuja. Kutoka Kimbiji mpaka Mkuranga niliona kama nakwenda Kigoma.

Presha ilikuwa 210 kwa 120.

Nawapa mkato: hakufa. Ni kiharusi, lakini alipona kwa kiasi chake. Alilazwa, akafanyiwa kipimo cha kichwa, akafanya mazoezi ya viungo miezi mitano. Kuna vilivyobebwa na bima na kuna vilivyobaki kwangu: magari ya kukodi, mtu wa kukaa naye, chakula, kutengeneza choo cha kukaa na njia ya kufika chooni. Nilitoa milioni 2.8. Leo anatembea kwa fimbo, mkono wa kushoto anashikia vitu vyepesi, na anaongea vizuri ila akichoka ulimi unakuwa mzito.

Ila kilichonivunja hakikuwa hospitalini. Siku ya nne nilikwenda nyumbani kwake kuchukua nguo. Juu ya kabati nikakuta kopo la Blue Band, ndani dawa zake za presha. Nikazimwaga kitandani. Vidonge vilikuwa vimekatwa nusu. Vyote. Na kisu kidogo cha mboga kilikuwa pembeni, kimefutwa vizuri. Nikachukua daftari lake la kliniki. Mara ya mwisho kuandikwa ilikuwa miezi saba nyuma.

Nilikaa kwenye kile kitanda nikafanya hesabu, maana ndiyo kazi ninayoijua. Kutoka kwake mpaka kliniki ni bodaboda hadi barabarani, halafu gari. Kwenda na kurudi, na kula mandazi na chai huko, 12,000. Dawa ni bure. Nauli ndiyo hakuwa nayo. Korosho ni za msimu, na hela ya msimu ilikuwa imekwenda kwenye bati. Kwa hiyo dawa za mwezi mmoja akazifanya miezi miwili, nusu nusu, na zilipokaribia kuisha akaanza kuruka siku.

Alipoweza kuongea nikamuuliza. Sikumuuliza vizuri, nilikuwa na hasira, sijui hasira ya nani. Nikamwambia, "Mama, mimi mtoto wako ni nesi! Kwa nini hukuniambia?"

Akaniangalia akasema taratibu, "Si ulisema unabana? Na mimi nikabana."

Halafu akaongeza, "Nilikuwa nakusaidia."

Ndugu yangu unayesoma, nimeshuhudia mengi kwenye wodi. Sijawahi kukosa la kusema kama siku ile. Mimi naelimisha wagonjwa kila Jumanne, mbele ya watu arobaini, kwamba dawa ya presha haikatwi, hairukwi, na haiachwi kwa sababu umejisikia nafuu. Na mama yangu mzazi alikuwa anakata vidonge ili mimi nistaafu mapema.

Nikarudi kwenye daftari langu la akiba. 50,000 kwa mwezi, kutoka Januari 2021 mpaka Agosti 2023, ni miezi 32. Milioni 1.6. Gharama ya kiharusi milioni 2.8, na mkono mmoja ambao hautarudi kama zamani. Hata kwa akili ya bahili wa mwisho, ile haikuwa akiba.

Sasa msije mkanielewa vibaya. Kuna dada mmoja nilipomsimulia akasema, "Si nilikwambia? Hela ni za kula, kesho haijulikani." Hapana. Kama nisingekuwa na zile milioni 9.6 nilizokuwa nimeshafikisha, siku ile ningekwenda kausha damu kama wengine, na mpaka leo ningekuwa nalipa. Akiba ndiyo ilimpeleka mama kwenye kipimo siku ile ile. Kubana matumizi sijaacha na sitaacha.

Nilipokosea ni hapa. Kile kitabu cha Wamarekani na zile hesabu za mara 25 zinahesabu nyumba moja: wewe, mwenzako, watoto wenu. Mimi nikazileta Kimbiji kama zilivyo. Nikaandika chakula, maji, umeme, ada, bando. Mama nikamweka kwenye safu moja na vitenge na soda, vitu vya kukata. Wakati ukweli wa maisha yetu ni kwamba mzazi hana pensheni, alilima tu, na pensheni yake ni sisi. Usipomwandika kwenye hesabu hatoki kwenye maisha yako. Anakaa nje ya daftari, anaumia kimya, halafu siku moja anaingia kwa mkupuo.

Basi haya ndiyo niliyobadilisha, uyapime kwako.

La kwanza, nimeweka fungu la watu, na linatoka kabla ya akiba. Mama ana 80,000 kila mwezi, ndani yake nauli ya kliniki iko peke yake. Siku mbili kabla ya tarehe ya kliniki nampigia bodaboda wake mwenyewe, namlipa kwa simu, na yeye ndiye ananithibitishia kwamba bibi amefika.

La pili, nimeacha kusema "ukiwa na shida sema." Wazazi wetu hawasemi. Mzazi akijua unahangaika ndiyo kabisa anafunga mdomo. Sasa nauliza kwa namba. "Mama, vidonge vimebaki vingapi? Hebu hesabu nikiwa kwenye simu." "Presha wamekuandikia ngapi?" Anacheka, ananiita daktari mkali, lakini anahesabu.

La tatu, sifungi hela yote kwenye hatifungani. Ukitaka kuiuza kabla ya muda wake unaweza, kupitia dalali wa soko la hisa, lakini bei utakayopata siku hiyo ni ya siku hiyo. Hela ya matumizi ya miezi sita nimeiweka UTT kwenye Mfuko wa Ukwasi, ambako naitoa ndani ya siku chache za kazi, na kidogo iko kwenye simu kwa ajili ya usiku wa manane. Ugonjwa hausubiri Jumatatu.

La nne ni la michango ya harusi na sherehe. Hapo msimamo ni ule ule, nina kiasi changu cha mwaka, kikiisha kimeisha. Nimejifunza kutofautisha mtu na shughuli. Niliwahi kumnyima mama na kadi za harusi kwa jibu moja, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Gharama yake? Nawapa bila kuficha. Matumizi yangu sasa ni 480,000 kwa mwezi. Lengo limepanda kutoka milioni 58 mpaka milioni 70. Ninachoweka ni kama 130,000, pamoja na posho za kuitwa usiku. Nimepiga hesabu mara mbili, na mara ya tatu nikampa binti yangu aihakiki. Mwaka wangu sio 2032 tena. Ni 2036. Nitakuwa na miaka 49.

Miaka minne ya zamu. Nilipoiona namba hiyo nilikaa kimya kidogo, sitadanganya. Miaka minne ya kuamka saa kumi na moja, ya kusimama mpaka miguu inavimba. Halafu nikakumbuka kisu cha mboga kilichofutwa vizuri, nikaifunga daftari.

Mwezi uliopita nilimweleza mama hii habari ya miaka minne, kwa sababu nimeapa sitamficha tena hesabu zangu. Alikuwa anachambua mchicha kwa mkono mmoja. Akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye nimekuchelewesha?" Nikamwambia hapana mama, wewe ulikuwa kwenye hesabu tangu mwanzo, mimi ndiye nilikuwa nimekosea kujumlisha. Akasema, "Ehee. Na hiyo shule nilikupeleka ya nini?"

Tukacheka wote.

Kazi ya leo ni moja. Kabla hujalala mpigie mzazi wako, au yeyote aliyekulea, mwenye presha au sukari. Usimuulize hali. Muulize vidonge vimebaki vingapi na kliniki ni tarehe ngapi. Kama jibu haliji haraka, wewe tayari umeshajua.

Sehemu ya 8 nitaeleza lile mnaloniuliza sana: ukiacha kazi kabla ya miaka 55, unaishije mpaka pensheni ikufikie, na kadi ya bima inakuwaje. Jumapili nikijaliwa, kama sitaitwa zamu.

Usiku mwema kutoka Kimbiji.